Ndoano Iliyotoboa Tenki

Tulisikia mlio mmoja mkavu, halafu maji.

Ndoano ya chuma ilikuwa imechomoka kwenye mnyororo uliozungushiwa kisiki tulichokuwa tunaking'oa kwa pikapu uani kwa dada. Kamba iliyokuwa imevutika hadi mwisho ikairusha upande wa gari, ikapita kati ya shemeji yangu na jirani yake, ikaenda kutoboa tenki la maji lililo pembeni ya jiko. Pikapu ikachomoka mbele na kusimama hatua chache kabla ya ukuta. Kisiki cha mjohoro hakikutikisika. Watoto waliojipanga juu ya lile jiwe kubwa la uani wakapiga makofi.

Kisha mtu akasema, "Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia."

Mazungumzo yakaishia hapo. Dada akaleta ndoo za kukingia maji, dereva akashuka kukagua bampa lake, shemeji akamtuma mtoto soda. Haikupita muda watu wakawa wanacheka na kuigiza namna jirani alivyoinama. Jioni nikapanda daladala kutoka Buhongwa, hapa Mwanza, kurudi nyumbani, na njia nzima nikawa nawaza kimo cha lile tundu. Kwa mtu mzima ni kifuani. Kwa mpwa wangu, ambaye dakika chache kabla alikuwa anachota maji kwenye bomba la tenki lilelile, ni kichwani.

Wiki zilipita na bado nawaza. Nikaanza kuuliza watu.

Kwa nini tusikiache

Swali la kwanza nililomuuliza shemeji halikuhusu kamba wala ndoano. Nilimuuliza kama kisiki kile ni lazima kitoke.

Mjohoro ukikatwa haufi. Unatoa machipukizi pembeni ya kisiki, na usipoyagusa, baada ya miaka michache una mti tena. Huku Usukumani hilo si jambo geni. Wafugaji wametenga ngitili tangu zamani, eneo linaachwa lipumzike na vichaka vinarudi vyenyewe. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 ulisimama juu ya maarifa hayohayo, na maeneo yaliyokuwa yamebaki vumbi yakarudi kuwa na miti. Dodoma nako kuna kampeni inayoitwa Kisiki Hai: mkulima anachagua machipukizi machache yenye afya kwenye kisiki kilichopo shambani, anapogoa mengine, basi. Hahitaji mche wala kumwagilia.

Kwa hiyo nilimpelekea shemeji hoja hiyo nikiwa na matumaini. Mti ule ulikuwa na kivuli kizuri. Dada alikuwa akichambua mchele na kuanika dagaa karibu yake, na wageni wengi wa nyumba ile nimewakuta wamekaa pale kuliko sebuleni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanionesha kamba za kupimia alizokwisha kuzivuta. Chumba cha kupangisha kinajengwa pale, na kisiki kiko katikati ya msingi. Ada ya shule ya mtoto wa kwanza ataitoa kwenye kodi ya chumba hicho. Sikuwa na la kujibu. Kukiacha kioze chini ya nyumba ni kuwakaribisha mchwa, na mchwa wakishamaliza kisiki hawaishii hapo, wanapanda ukuta kutafuta mbao za paa. Kukichoma, kama wengi wanavyofanya kwa kurundika mkaa au matairi mabovu, ni moshi wa siku nyingi kwenye mtaa ambao nyumba zimebanana.

Basi kitoke. Swali likabaki kitoke vipi.

Gari linavuta kwa matairi

Kuna fundi mmoja Nyakato ambaye kazi yake ni kuvuta magari yaliyoharibika na yale yaliyotumbukia mitaroni. Nilimfuata gereji, nikamweleza kila kitu. Alicheka kidogo niliposema tulifunga kwenye bampa. Nilipofika kwenye tenki, hakucheka tena.

"Dada, watu wanaangalia injini," alisema. "Gari linavuta kwa matairi."

Nikamwomba anieleweshe, akaokota kipande cha chaki akaanza kuchora sakafuni. Pikapu ndogo tupu ina uzito wa kilo 1,500 hadi 1,800 hivi. Uzito mwingi uko mbele, kwenye injini. Kama linasukumwa na matairi ya nyuma tu, matairi hayo yamebeba chini ya nusu ya uzito wote, na kwenye moramu kavu yanashika kwa nguvu inayokaribia nusu ya mzigo ulioyakalia, au zaidi kidogo. Ukipiga hesabu, gari lile lilikuwa na uwezo wa kuvuta taratibu kwa nguvu isiyozidi nusu tani. Zaidi ya hapo tairi linazunguka na kuchimba, hata uwe na injini ya lori.

Mjohoro uliosimama miaka na mizizi yake yote ukiwa haujaguswa haung'oki kwa nusu tani. Kwa nguvu hiyo ni sawa na kisiki cha mpingo, hakitikisiki.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Matairi yalizunguka, vumbi likatimka, gari halikwenda. Hapo dereva akafanya kile ambacho karibu kila dereva angefanya, na watu wote pale tulikuwa tunamshangilia afanye: akarudi nyuma, akaacha kamba ilegee, akakanyaga mafuta ili gari liivute kwa mshtuo.

Fundi akaandika hesabu nyingine. Gari la kilo 1,800 likiwa linakwenda kilomita 10 tu kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, likasimamishwa na mnyororo ndani ya sentimeta 10, mnyororo ule unabeba nguvu ya wastani wa tani 7. Wastani. Kilele chake kiko juu zaidi. Gari lililoshindwa kuvuta nusu tani limegeuka kuwa nyundo, na nyundo hiyo inatafuta mahali palipo dhaifu kuliko pengine pote kati ya bampa na mzizi. Kwetu palikuwa kwenye ndoano, ya dukani, isiyo na ulimi wa kuifunga mdomo. Ilinyooka.

Nilirudia hesabu ile nyumbani kwa simu yangu zaidi ya mara moja, maana sikuamini. Iko sawa.

Kuhusu kamba alikuwa na maneno makali zaidi. Ilikuwa kamba ya manila, imara, imenunuliwa Kirumba mwaloni ambako wanaiuza kwa ajili ya mitumbwi. Kwa mtumbwi ni kamba nzuri sana, kwa sababu inatoa: wimbi likija inarefuka, likipita inarudi, na mtumbwi hauchaniki pale ulipofungwa. Kamba za aina hiyo, hasa za nailoni, zinaweza kurefuka hata kwa robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Kurefuka kote huko ni nguvu iliyowekwa akiba. Ndani ya ziwa akiba hiyo inarudishwa kidogokidogo. Uani kwa dada ilirudishwa mara moja, ikiwa na kipande cha chuma mwishoni.

Kiti cha dereva

Nilidhani nikishaelewa kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa bado kumshawishi mwenye pikapu.

Ni kijana mwema, anabeba mizigo kati ya Igoma na mjini, na alikuja siku ile kwa heshima ya shemeji, hakudai hata mafuta. Nilipomweleza habari za mshtuo alinyamaza kwa adabu, kisha akasema, "Dada, mimi nimevuta visiki vingi. Hakuna kilichowahi kumuumiza mtu."

Jibu hilo nimelitafakari sana. Hakuwa anadanganya. Amevuta visiki vingi na hakuna aliyeumia, na kila mara asiyeumia mtu, njia yake inaonekana kuthibitika zaidi. Siku ya tenki nayo ilikuwa imekwisha kuingia kwenye hesabu yake kama siku njema. Sisi sote tuliihesabu hivyo. "Hakuna aliyeumia" ni shukrani, na mimi naitoa kwa moyo wote, lakini pale uani ilifanya kazi ya kufunga mlango. Mtu akishaitamka, anayetaka kuendelea kuuliza anaonekana hana imani, au anatafuta wa kumlaumu.

Mimi sikuwa natafuta wa kumlaumu. Nilikuwa namwogopea.

Nikamwomba tukae ndani ya gari lake, yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Nikamwambia ageuke atazame nyuma, kupitia kioo, mpaka pale kisiki kilipo. Gari lilikuwa limeegeshwa karibu mahali lilipokuwa siku ile. Kutoka kwenye kisiki hadi kisogoni kwake ni mstari mmoja ulionyooka, na kilichopo katikati ni kioo. Ndoano ilipinda kidogo kushoto, ikakuta tenki. Isingepinda, ingepita hapo.

Alikaa vile amegeuka kwa muda.

"Hapa nilikuwa nimekaa mimi," akasema.

Tangu hapo hatukubishana tena. Yeye ndiye aliyesema kabla yangu kwamba hatavuta mpaka mizizi ikatwe, na kwamba kamba ile hataki kuiona.

Chini ya udongo

Hapa ndipo palipo na kazi, na hapa ndipo watu hawapigi picha. Shemeji na vijana wawili wa mtaani walichimba kuzunguka kisiki kwa sururu na beleshi, na udongo wa Buhongwa kabla ya vuli ni mgumu, unarudisha sururu. Wakawa wanamwaga maji jioni, wanachimba asubuhi. Maji yanalainisha udongo ulioshika mizizi, lakini yakitapakaa mpaka gari litakapopita yanaiba mshiko wa matairi, kwa hiyo walijenga kituta kidogo cha udongo kuyazuia yasitoke nje ya shimo.

Kila mzizi uliojitokeza ulioshwa kwanza, ndipo ukakatwa. Kuosha kuna maana: mchanga ukibaki kwenye gome, shoka linakuwa butu baada ya mapigo machache tu. Mzizi mnene unakatwa mara mbili, karibu na kisiki na mbali kidogo, kipande cha kati kinatolewa, ili kisiki kipate nafasi ya kulala kikivutwa.

Upande wa jikoni tukakuta jambo ambalo bado linanisumbua. Mzizi mmoja, unene wa mkono, ulikuwa umelipinda na kulikumbatia bomba la plastiki linaloleta ndani maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Bomba lilikuwa limezama ndani ya gome, huwezi kupitisha hata wembe kati yake. Shemeji alijua bomba linapita upande ule, ila hakujua kama limeshikwa. Laiti kisiki kingeng'oka siku ile tuliyokuwa tunashangilia, kingeondoka na bomba, pengine na kipande cha msingi wa jiko. Mzizi ule ulitolewa kwa patasi, polepole, na dada hakuondoka pale mpaka bomba lilipokuwa huru.

Upande wa pili kulikuwa na jiwe. Anayeishi Mwanza haelezwi mawe: matale ya huku, yaani mawe ya graniti, yametoka chini ya ardhi, udongo umeondoka, mawe yamebaki yamekaliana, na nyumba zetu zimejibanza katikati yake. Jiwe la uani kwa dada ndilo watoto walilokaa kutazama. Mzizi mkubwa kuliko yote ulikuwa umeingia chini yake, kwenye ufa. Mizizi inapenda nyufa za matale kwa sababu maji ya mvua yanabaki humo muda mrefu, na kadiri inavyonenepa inazipanua.

Nilisimama pale nikatazama jiwe, nikatazama mzizi, na kwa mara ya kwanza niliogopa kuhusu siku iliyopita kuliko nilivyoogopa siku yenyewe. Tulikuwa tunalivuta lile jiwe. Watoto wakiwa juu yake. Sidhani kama lingesogea, ni kubwa mno, lakini hakuna aliyekuwa amechungulia chini kujua limekalia nini.

Mzizi huo haukuvutwa. Ulikatwa usawa wa jiwe, na kilichomo ndani kikaachwa humohumo. Fundi alishauri hivyo na mimi nilimuunga mkono kwa nguvu: si kila kitu cha mti lazima kitoke kwa sababu tu tumeamua kuung'oa. Mzizi uliobaki ufani utaoza taratibu, na jiwe halitajua.

Kuvuta

Kilichobaki ni mzizi mkuu na vijizizi vya chini. Fundi alikuja mwenyewe, akaleta mnyororo wa kunyanyulia mizigo, wenye namba ya daraja lake imegongwa kwenye pingili. Mnyororo haurefuki kama kamba, kwa hiyo hauweki akiba kubwa ya nguvu. Ukikatika kwa kawaida hauruki mbali kama kamba, ingawa unaweza kuruka. Hata hivyo alilowesha blanketi kuukuu akalitundika katikati yake, ili lolote likitokea lile blanketi livute mnyororo chini.

Mnyororo ulifungwa kwenye chesisi. Bampa ni bati la urembo, na mwenye gari alikuwa wa kwanza kulikataa safari hii. Mifuko ya mchanga ikapangwa nyuma ya pikapu, juu kabisa ya ekseli, matairi yapate uzito.

Halafu fundi akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alisimamisha ringi kuukuu la gari, lisilo na tairi, likiegemea kisiki upande wa gari. Mnyororo ukatoka chini nyuma ya kisiki, ukapanda juu ya ringi, ndipo ukashuka kwenda kwenye gari. Kwa hiyo gari likivuta mbele, kisiki kinanyanyuliwa. Waliokata mti walikuwa wameukata kimo cha goti ili wapate gogo refu la mkaa, na hilo lilitunyima mkono wa kukipindulia kisiki. Wangeuacha kimo cha mtu, fundi alisema, kazi ingekuwa nusu. Ringi lilirudisha kidogo kile kilichoondoka na gogo.

Watoto dada aliwafungia ndani, na akakaa nao. Kuwafukuza kwa mdomo hakusaidii, wanarudi. Lazima mtu mzima mmoja aache kutazama ili wao wasiwepo. Watu wazima walisimama pembeni, mbali kupita urefu wa mnyororo, na hakuna aliyeruhusiwa nyuma ya kisiki wala mbele ya gari. Mmoja tu ndiye aliyekuwa anatoa ishara kwa mkono.

Gia ya kwanza. Mnyororo ukanyooka taratibu, ukakaza. Dereva akaongeza mafuta kidogo sana. Kisiki kikalia, kikainama, kikakwama. Ishara ikatolewa, gari likasimama, mnyororo ukalegezwa kabisa ndipo mtu akaingia shimoni na shoka. Mzizi mmoja ulikuwa umebaki chini. Ulipokatwa, gari likavuta tena na kisiki kikatoka bila kelele, moyo wake mweusi ukionekana pale shoka lilipopita.

Hakuna aliyepiga makofi. Shemeji aliniangalia akasema, "Kumbe ni hivi tu."

Shimo

Shemeji anataka kumwaga zege mwezi huohuo, na hapo tena tumevutana. Shimo la kisiki likijazwa kwa siku moja na kukanyagwa kwa miguu litazama mvua zikija, na ukuta utapasuka hapohapo. Tumekubaliana lijazwe kwa tabaka nyembamba, kila tabaka lishindiliwe, vuli ipite juu yake, ndipo mafundi waje. Kodi ya chumba itachelewa. Dada ameomba upande wa barabarani upandwe mti mwingine, mbali na nyaya na mbali na bomba, na shemeji amekubali.

Kijana wa pikapu naye amebadilisha masharti yake. Akiitwa kuvuta kisiki, anataka kwanza aoneshwe mizizi iliyokatwa, na anatoza pesa ya kwenda kuangalia hata kama hatavuta. Wapo mtaani wanaolalamika kwamba amekuwa ghali na mwenye maringo. Mimi kila anayeniuliza namwelekeza kwake.